Nani akae na watoto? Kisa cha ulezi kutoka Kayole hadi Mahakama ya Watoto, Milimani

Mama na baba wa kisa hiki waliishi pamoja Kayole kwa miaka kumi. Hawana cheti cha ndoa, ila mbuzi wa ntheo walishapelekwa kwa wazazi wa mama, kwa hivyo kwa mila ya Wakamba ni mume na mke. Wana binti wa miaka 9 aliye Gredi ya 4, na mvulana wa miaka 3 ambaye hajaanza shule. Mama ni muuguzi wa zamu za usiku. Baba ni fundi wa magari Industrial Area, hulipwa kwa kazi: wiki moja mfuko umejaa, wiki nyingine hauna kitu.

Mwezi wa Machi wakaachana. Mama akahamia Umoja na watoto wote wawili, akamwita dadake mdogo aje amsaidie kulea. Binti akaendelea na shule yake ileile. Likizo ya Aprili ilipofika, baba akaomba akae na binti wiki moja. Akampeleka Kangundo kwa nyanya yake, na shule zilipofunguliwa akamwandikisha shule ya huko. Simu za mama akaacha kushika. Mama naye, kwa hasira, akamzuia baba kumwona mvulana. Karo na pesa za matumizi zikakatika.

Kisa hiki kimeundwa kutokana na mambo yanayojirudia katika kesi za ulezi Nairobi. Si familia moja halisi, na viwango vya pesa ni vya mfano. Sheria na hatua zinazoelezwa ndizo zinazotumika.

Wiki za kwanza

Mama alikimbilia kituo cha polisi. Akaambiwa, "Mama, hayo ni mambo ya nyumba, nenda kwa afisa wa watoto." Jibu hilo linaumiza, lakini lina msingi wa kisheria. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinawapa mama na baba wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la. Mpaka mahakama iseme vingine, mzazi aliyeenda na mtoto wake hahesabiwi kuwa mteka nyara. Hata hivyo mama alifanya vyema kuandikisha taarifa na kuchukua nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), kwa sababu baadaye ndiyo iliyothibitisha kwamba hakukubali binti ahamishwe, na kwamba alilalamika wiki ileile.

Baada ya hapo familia ikaita vikao vya wazee. Cha kwanza baba hakuja, cha pili kikaahirishwa kwa sababu ya mazishi, cha tatu kikaisha kwa maneno makali. Wiki sita zikayeyuka. Hili ndilo kosa lililomgharimu mama kuliko yote. Mahakama haipendi kumng'oa mtoto mahali alipokwisha kuzoea, na mtoto wa miaka 9 huzoea haraka: anapata marafiki, anajua njia ya mtoni, mwalimu anamjua kwa jina. Kila wiki inayopita, mzazi aliyemhamisha mtoto bila ruhusa anapata hoja mpya ya kusema "ametulia, msimsumbue". Wazee wana nafasi yao, na wengi huzipatanisha nyumba. Lakini aliyenyimwa mtoto aende kwa wazee na kwa afisa wa watoto wiki moja, asingoje wa kwanza washindwe ndipo aende kwa wa pili.

Ofisi ya afisa wa watoto iko katika ngazi ya kaunti ndogo na huduma yake ni ya bure. Unabeba nakala za kitambulisho chako, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kijitabu cha kliniki, ripoti za shule na nambari ya simu ya mwenzako. Afisa humwandikia mwenzako barua ya mwito, mkaketi wote wawili mbele yake. Mkikubaliana, makubaliano ya malezi huandikwa na kutiwa sahihi. Wengi huishia hapo na hilo ni pengo: karatasi ile isipopelekwa mahakamani ikapokelewa kama amri, siku mmoja akiivunja hakuna cha kumshika nacho.

Mama alipofika kwa afisa, baba aliitwa, akaja na ami yake. Hoja ya ami ilikuwa moja: mbuzi walitoka, kwa hivyo watoto ni wa ukoo wa baba, na nyanya ana haki ya kumlea mjukuu. Sheria haipuuzi mila. Kifungu cha 103 cha Sheria ya Watoto ya 2022 kinaitaja desturi ya jamii ya mtoto kati ya mambo ambayo hakimu huyapima. Lakini inapimwa pamoja na mengine, na ikigongana na maslahi ya mtoto inaanguka, kwa kuwa Katiba inabatilisha mila yoyote inayopingana nayo. Ntheo ingekuwa na uzito zaidi chini ya sheria ya zamani ya 2001, ambayo kwanza iliuweka wajibu wa mtoto wa wazazi wasiooana mikononi mwa mama. Siku hizi baba hahitaji mbuzi wala cheti ili awe na haki na wajibu kwa mtoto wake, na kwa hiyo mbuzi hao hawamwongezei haki juu ya mama.

Kikao hakikuzaa matunda. Afisa akaandika barua kueleza yaliyotokea, na mama akaelekea Milimani.

Kufungua kesi

Nairobi kesi hufunguliwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa Idara ya Mahakama, ulioanza kutumika jijini Julai 2020. Mama aliweka hati ya madai, taarifa yake kama shahidi, orodha ya vielelezo, na pamoja na hayo ombi la dharura lenye hati ya kiapo. Asiye na uwezo wa wakili anaweza kuomba msaada FIDA Kenya (shirika la mawakili wanawake), Kituo cha Sheria au Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa chini ya sheria ya 2016. Anaweza pia kujisimamia mwenyewe, na wengi hufanya hivyo.

Ombi la dharura ndilo linalovurugwa zaidi. Mzazi mwenye uchungu huandika kurasa ishirini za historia ya ndoa, nani alianza ulevi, nani ana mpango wa kando, kisha anaomba "ulezi kamili" hapo hapo. Hakimu hawezi kutoa ulezi wa kudumu kwa karatasi za upande mmoja. Ombi la mama lilikuwa fupi: binti arudishwe Umoja na shuleni kwake kabla ya Jumatatu ifuatayo, mtoto yeyote asitolewe Nairobi bila idhini ya maandishi ya mzazi wa pili au ya mahakama, na baba aendelee kulipa karo kesi ikisubiriwa. Hayo yanaweza kuamuliwa kwa wiki, na ndiyo yanayomkomboa mtoto sasa hivi.

Baba alikuwa akikwepa simu, kwa hivyo karatasi alitumiwa kwa WhatsApp, njia ambayo kanuni za madai zinairuhusu tangu 2020. Aliyezipeleka akaapa hati ya kuthibitisha na kuambatisha picha ya skrini yenye nambari na saa. Picha hiyo ikikosekana, kesi nyingi hukwama tarehe ya kwanza kwa swali moja tu: je, mwenzako anajua?

Pande zote zilipofika, hakimu alitoa amri ya muda. Binti arudi. Baba awaone watoto wote wawili kila wikendi ya pili, kwa sababu kumnyima mvulana baba yake lilikuwa kosa sawa na lile la kumficha binti. Afisa wa watoto atembelee nyumba zote tatu na kuandika ripoti. Wazazi pia wakaelekezwa kwa mpatanishi wa mahakama, njia ambayo kwa kawaida hupewa siku 60. Mpatanishi aliwapatanisha kuhusu shule na dini. Kuhusu mahali pa kulala, hawakukubaliana, na suala hilo likarudi kwa hakimu.

Kinachothibitisha malezi

Kila mzazi huja mahakamani akiapa kwamba anampenda mtoto, na karibu wote husema kweli. Mapenzi hayaamui kesi. Anachotafuta hakimu ni nani aliyebeba siku ya kawaida ya mtoto kabla ya ugomvi: nani humwamsha, nani anajua kipimo cha dawa yake, nani huitwa mwalimu akiona homa. Na siku ya kawaida huacha alama ndogondogo mahali ambapo watu hawafikirii kutazama.

Katika kisa hiki, dairi ya shule ya binti ilisema mengi kuliko mashahidi wanne. Kila jioni mzazi hutia sahihi chini ya kazi ya nyumbani. Kwa mihula mitatu mfululizo, sahihi za Jumatatu hadi Jumatano ni za baba, na za siku nyingine ni za mama. Baba alikuwa amesema kweli kwamba mama akiwa zamu yeye ndiye aliyewapikia, akawaosha na kuwapeleka shule asubuhi. Wakili wa mama angelipuuza hilo angeonekana anaficha. Badala yake alilikubali, na uaminifu wa upande wake ukapanda. Kijitabu cha kliniki cha mvulana, kwa upande mwingine, kilionyesha mama akihudhuria chanjo zote. Rekodi ya mtaalamu wa pumu ya binti ilikuwa na nambari ya simu ya mama peke yake, na bomba la dawa ya kuvuta halikubebwa kwenda Kangundo. Hilo la mwisho lilimwumiza baba sana, kwa sababu lilionyesha kwamba safari ile haikupangwa kwa kumfikiria mtoto.

WhatsApp ni kisu chenye makali pande mbili. Ujumbe wa baba, "utamwona ukirudi nyumbani", ulithibitisha kwamba mtoto aligeuzwa chambo. Lakini mama naye alikuwa ameandika matusi mazito juu ya mama mkwe, na nakala zikasomwa mahakamani. Tangu siku mnayoachana, andika kila ujumbe ukijua hakimu anaweza kuusoma. Tarehe, saa, ombi, basi.

Ripoti ya afisa wa watoto hupewa uzito mkubwa, ingawa haimfungi hakimu. Afisa hufika bila mbwembwe, anauliza majirani, anaangalia mtoto analala wapi na nani. Hatafuti nyumba ya kifahari, kwani umaskini peke yake si sababu ya kumnyang'anya mzazi mtoto. Umoja aliwakuta watoto wakiwa na kitanda chao na shangazi anayewajua. Akauliza swali gumu la zamu: usiku nne kwa wiki mama hayupo, je, shangazi akiugua? Mama hakuwa na jibu siku ile. Kayole alikuta chumba safi, lakini hakuna mtu wa kukaa na mvulana baba akiwa kazini. Kangundo alikuta nyanya mwenye upendo, mwenye umri mkubwa, anayelea wajukuu wengine, na baba akifika Jumamosi tu. Afisa aliandika jambo ambalo hata ami hakulipinga: aliyetaka ulezi wa binti kwa kweli alikuwa nyanya, si baba, na mzazi aliye hai, mwenye uwezo na anayetaka kulea humtangulia nyanya.

Binti alizungumza na hakimu chemba, yaani ofisini mwake, wazazi wakiwa nje. Maoni ya mtoto husikilizwa kwa kadiri ya umri na ukomavu wake, bila kumfanya yeye ndiye mwamuzi. Alisema anawapenda wote, anataka kulala chumba kimoja na mdogo wake, na hataki kuulizwa tena nani mzuri. Pia alitumia maneno ambayo si ya umri wake kuhusu "matunzo yaliyosalia". Hakimu alijua yametoka wapi. Mtoto aliyefundishwa cha kusema hujulikana, na aliyemfundisha hupungukiwa na uaminifu.

Hoja ya umri mdogo

Wengi jijini wanaamini kwamba mtoto mdogo ni wa mama, mwisho wa maneno. Imani hiyo ina mizizi. Mahakama ya Rufaa ilisema mwaka 1979 kwamba mambo mengine yakilingana, mtoto mdogo akae na mama, na sheria ya 2001 ilihesabu umri huo kuwa chini ya miaka 10. Lakini hata wakati huo mama angeweza kukosa ulezi kukiwa na sababu nzito, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilisisitiza kwamba kanuni hiyo haiwezi kusimama peke yake: maslahi ya mtoto huyu, katika hali hii, ndiyo yanayotangulia. Kwa mvulana wa miaka 3 kanuni ilimsaidia mama, ila si yenyewe iliyomshindia. Waliomshindia ni shangazi aliyekuwepo, kliniki, na ukweli kwamba Kayole hapakuwa na mtu wa mchana. Baba angekuja na mpango thabiti wa mchana, mashindano yangekuwa makali.

Ndugu nao hawatenganishwi bila sababu nzito. Mara mvulana alipobaki Umoja, dadake alikuwa na sababu nyingine ya kubaki naye.

Amri ilivyoandikwa

Hakimu aliwapa wazazi wote wawili ulezi wa kisheria, yaani maamuzi makubwa kuhusu shule, matibabu, dini na safari za nje ya nchi yafanywe kwa pamoja. Ulezi wa kila siku akampa mama. Kufikia hapo si ajabu. Kinachotofautisha amri inayodumu na ile inayorudi mahakamani baada ya miezi mitatu ni jinsi muda wa mzazi wa pili unavyoandikwa. Amri ikisema tu "baba awaone watoto kwa muda unaofaa", kila Ijumaa itakuwa vita, maana kila mmoja ana kipimo chake cha kufaa.

Hapa iliandikwa hivi: kila wikendi ya pili, Ijumaa saa kumi na moja jioni hadi Jumapili saa kumi na moja jioni. Watoto wapokewe na warudishwe mlangoni pa duka kuu lililokubaliwa kati ya Umoja na Kayole, si nyumbani kwa yeyote. Kuchelewa kuzidi dakika 30 kuarifiwe kwa ujumbe. Likizo za Aprili na Agosti nusu ya kwanza kwa baba, nusu ya pili kwa mama, ili watoto warudi kwa mama kabla shule hazijafunguliwa. Krismasi kwa zamu, mwaka mmoja huku, mwaka mwingine kule. Simu ya video kila Jumatano saa moja jioni. Bomba la dawa ya pumu lisafiri na binti kila anapohama mkono.

Kisha suala la zamu. Mama atamtumia baba ratiba yake ya kazi kabla ya mwezi kuanza, na usiku ambao shangazi hayupo, baba ndiye anaitwa kwanza kabla ya jirani au yaya yeyote. Kipengele hicho kimoja kilimrudishia baba heshima ya kazi aliyoifanya kwa miaka, na kikajibu swali la afisa. Ni kipengele ambacho mawakili husahau kukiomba.

Matunzo

Mama alidai shilingi 45,000 kwa mwezi bila risiti. Kosa la kawaida hapa ni kudai kodi yote na chakula chote cha nyumba. Mahakama hutafuta sehemu ya watoto. Nyumba ya Umoja ni 15,000 na wanaishi wanne, kwa hivyo sehemu ya watoto wawili ni 7,500. Chakula cha nyumba ni 12,000, nusu yake 6,000. Shangazi hulipwa 6,000, na kwa kuwa yuko pale kwa ajili ya watoto, yote huhesabiwa. Karo 16,000 kwa muhula ni 48,000 kwa mwaka, yaani 4,000 kwa mwezi. Gari la shule 2,500, nguo na mengineyo 2,000. Jumla 28,000.

Baba alisema hana mshahara. Fundi asiye na hati ya mshahara hutakiwa kuapa hati ya mapato na kutoa taarifa ya M-Pesa ya miezi kadhaa. Iliingia pesa nyingi, lakini nyingi zilikuwa za vipuri vya wateja zinazopita tu. Zilipotolewa, kikabaki wastani wa 38,000. Mama hubakiwa na 46,000 baada ya makato. Hakimu akaamuru baba alipe karo moja kwa moja kwenye akaunti ya shule na kumtumia mama 8,000 kabla ya tarehe 5 kila mwezi, mama abebe yaliyobaki, na matibabu yasiyolipiwa na bima yagawanywe nusu kwa nusu.

Baba alipe kutoka nambari yake mwenyewe, si ya rafiki, na asitoe pesa mkononi. Pesa taslimu isiyo na risiti, mbele ya mahakama, haikulipwa.

Amri ikivunjwa

Mwezi wa tatu baada ya uamuzi baba alichelewesha matunzo, na mama akawazuia watoto Ijumaa ile. Hapa mama alikosea waziwazi. Matunzo na kuonana na watoto ni amri mbili tofauti. Moja ikivunjwa, nyingine haifi. Mtoto si dhamana ya deni. Njia ya mama ilikuwa kuandika barua ya kudai, kisha kuiomba mahakama imwite baba ajieleze kwa nini asichukuliwe hatua, na hatua hizo zinaweza kufikia kukatwa mapato, kunadiwa mali au kufungwa jela ya madai. Njia ya baba, akinyimwa watoto, ni kusimama mlangoni pa lile duka kuu saa iliyoandikwa, kutuma ujumbe kwamba amefika, kungoja, kisha kupeleka rekodi hiyo mahakamani akiomba mama achukuliwe hatua kwa kudharau amri.

Asiyeridhika na uamuzi ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama Kuu, na rufaa haisimamishi amri mpaka mahakama iseme hivyo. Lakini mengi hayahitaji rufaa. Hali ikibadilika, kwa mfano mama akipewa uhamisho wa kikazi hadi Kisumu, au shangazi akiolewa na kuondoka, mzazi yeyote anaweza kurudi kwenye faili ileile na kuomba amri irekebishwe. Aombe kabla ya kuhama, akiambatisha barua ya uhamisho, jina la shule mpya na mpango wa likizo kwa mzazi anayebaki Nairobi.